Bei ya Nafaka Ikilipuka Duniani: Nchi Ianzie Wapi na Iachane na Nini

Mwanzoni mwa 2008 tani moja ya mchele wa Thailand ilikuwa chini ya dola 400. Aprili ilipoisha, ilikuwa imekaribia dola 1,000. Ukitafuta ukame au mafuriko ya kueleza mruko huo hutayaona, kwa sababu mavuno ya mpunga msimu ule hayakuwa mabaya. India ilikuwa imezuia mchele wa kawaida kwenda nje, Vietnam ikafuata, na nchi zinazonunua, Ufilipino ikiwa mbele, zikagombea shehena chache zilizobaki sokoni kwa bei yoyote. Bei ilianza kushuka Mei, habari zilipoenea kwamba Japan ingeachia mchele iliokuwa imeulimbikiza. Mchele wenyewe haukuhitaji hata kusafiri, habari tu zilitosha.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha kosa linalorudiwa kila baada ya miaka michache: serikali inaona bei imepanda, inadhani chakula kimeisha, inachukua hatua ya woga, na hatua hiyo ndiyo inayokimaliza. Mwongozo huu ni kwa wanaopaswa kuamua jambo wakati huo, au kuwahoji wanaoamua: maofisa wa kilimo na biashara, viongozi wa vyama vya ushirika, madiwani, waandishi wa habari. Mifano mingi ni ya mahindi na ya Afrika Mashariki, maana ndiko sufuria ya ugali ilipo.

Kwanza jua kilichopungua ni nini

Upungufu uko wa namna tatu na kila namna ina dawa yake. Ukiichanganya unatibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Wa kwanza ni wa shambani: mvua imekosa, nzige wamepita, mto umefurika. El Niño (joto la Bahari ya Pasifiki linapopanda na kuvuruga mvua) ya 2023/24 iliunguza mahindi ya Zambia, Malawi na Zimbabwe hadi zote tatu zikatangaza hali ya janga, huku sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikipata mvua kupita kiasi. La Niña, bahari hiyo inapopoa, mara nyingi huleta kinyume chake, na Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo kati ya 2020 na 2022. Hapa nafaka yenyewe haipo, lakini angalia: mara nyingi ipo kwa jirani.

Wa pili ni wa njiani. Nafaka ipo ila haifiki. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, nchi hizo mbili zilikuwa zikitoa karibu asilimia 30 ya ngano inayouzwa kimataifa. Meli zilikwama bandarini, na mwezi Machi kipimo cha bei za vyakula cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kikapanda kuliko wakati wowote tangu kianze kutunzwa. Juu ya vita zikaja marufuku: Indonesia ikazuia mafuta ya mawese mwishoni mwa Aprili, India ikazuia ngano tarehe 13 Mei, na Julai 2023 ikazuia mchele mweupe usio basmati.

Wa tatu ni wa mfukoni. Soko limejaa na watu wana njaa. Bengal mwaka 1943 walikufa watu kati ya milioni 2 na 3, na mwanauchumi Amartya Sen, aliyeuchambua mkasa huo kwa kina, alionyesha kwamba chakula kilichokuwapo hakikupungua kiasi cha kueleza vifo vile. Kibarua, mvuvi na kinyozi walikufa kwa sababu bei ilikimbia na ujira wao ukabaki palepale.

Kuna sababu nyingine inayokuja kimyakimya, nayo ni mbolea. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo gesi ikipanda mwaka huu, mkulima ananunua mfuko mmoja badala ya miwili, na pengo litaonekana kwenye mavuno ya mwaka ujao, wakati magazeti yameshahamia habari nyingine. Shilingi ikishuka dhidi ya dola nayo hufanya kazi hiyo hiyo: bei ya nafaka katika soko la Chicago inaweza kutulia kabisa na mkate wa Mombasa ukazidi kupanda.

Kupambanua namna hizo hakuhitaji mtaalamu wa kigeni. Chukua bei ya debe la mahindi katika masoko sita au saba, kila wiki, siku ile ile ya gulio. Bei ikipanda kote kwa pamoja, tatizo ni mavuno au bei ya dunia. Ikipanda mjini huku vijijini imelala, tatizo ni barabara, mafuta au vizuizi vya njiani. Kwa wafugaji tazama mbuzi mmoja ananunua debe ngapi. Mbuzi aliyekuwa ananunua madebe manne akinunua mawili, familia hiyo tayari iko taabani hata kama duka limejaa unga. Na mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 mzingo wa mkono wake wa juu ukishuka chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, anahitaji matibabu na chakula dawa sasa hivi, si baada ya kikao.

Mizania ya chakula, kwa kalamu na karatasi

Tuseme nchi ina watu milioni 20, na kila mtu hula wastani wa kilo 90 za mahindi kwa mwaka. Hizo ni tani 1,800,000. Mbegu: hekta milioni 1.2 kwa kilo 25 kila hekta, tani 30,000. Kuku, ng'ombe na viwanda, tani 250,000. Jumla ya mahitaji ni tani 2,080,000.

Upande wa pili, mavuno yamekadiriwa tani 2,100,000. Mtu wa haraka ataona ziada na kutangaza neema. Sasa toa kinachopotea kwa panya, wadudu, kuoza na kumwagika, asilimia 12, yaani tani 252,000. Zimebaki 1,848,000. Pengo ni tani 232,000, sawa na meli nane za tani 30,000 kila moja.

Palipo na hatari ni kwenye tarakimu ya mavuno. Ikikosewa kwa asilimia 10, kosa ni tani 210,000, karibu pengo lote. Makadirio ya ofisini, ambapo wilaya inachukua takwimu za mwaka jana na kuongeza kidogo ili isionekane imelala, yameshafanya nchi ziuze nje zilichokuja kukinunua miezi sita baadaye kwa bei maradufu. Dawa yake ni kukata sampuli shambani. Chagua mashamba kwa kura, usichague yale ya kando ya barabara ambayo ndiyo hustawi. Pima mraba wa mita 5 kwa 5, vuna kila hindi lililomo, pukuchua, kausha, pima. Kila kilo moja katika mraba huo ni kilo 400 kwa hekta. Ukipata kilo 4.4, shamba limetoa kama tani 1.76 kwa hekta. Mashamba thelathini kwa wilaya yaliyopimwa hivyo yana thamani kuliko ripoti ya kurasa mia.

Ghala la taifa

Akiba haipo ili kulisha nchi nzima. Ipo kuziba muda kati ya siku hatari inapotambulika na siku nafaka ya nje inapofika. Kutangaza zabuni, kufungua barua ya dhamana benki, kupakia, kusafiri, kushusha na kupeleka bara huchukua miezi mitatu hadi minne mambo yakienda sawa. Kwa hiyo hesabu ni hii: wasiojiweza milioni 3, gramu 400 kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi, kwa miezi 4. Jibu ni tani 144,000. Weka 150,000. Zaidi ya hapo unafuga wadudu kwa fedha za umma. Pungufu ya hapo utajikuta kama Malawi, iliyouza karibu akiba yake yote kabla ya njaa ya 2002.

Kununua. Fungua vituo wiki mbili za mwanzo za mavuno, kabla mlanguzi hajamaliza mzunguko wake. Tangaza bei mapema, nunua kwa mizani wala si kwa gunia. Gunia la lumbesa, lililofungwa na kilele juu, humwibia mkulima kilo 20 na zaidi mbele ya macho yake. Lipa ndani ya siku saba. Mkulima anayedai miezi miwili hatarudi. Mwakani atamuuzia dalali shilingi mia pungufu kwa kilo, taslimu, na atakuwa na haki.

Mahindi yanayoingia yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kama kipimo cha umeme hakipo, tumia chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, jaza mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vikubwa vya chumvi iliyokaushwa jua kali, tikisa dakika moja, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: rudisha kwenye turubai. Chumvi ikidondoka yote chini, yanakaribia kufaa, na kipimo cha kituoni kitamaliza ubishi. Anika juu ya turubai, kamwe si ardhini, kwa unene wa sentimita 4 hivi, na geuza kila nusu saa.

Ubishi mkubwa huwa juu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu inayoota kwenye nafaka. Kiwango cha juu katika Jumuiya ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1, iliyo kali zaidi. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara nako watu walikufa. Kupika hakuiondoi. Kukoboa sembe kunapunguza, hakumalizi.

Kosa la kawaida la upimaji ni kuchoma bambo (chuma cha kuchotea sampuli) katika gunia moja, kutoa konzi, na kuipeleka maabara. Sumu hii haisambai sawasawa. Punje chache zilizoota kuvu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima huku jirani zake zikiwa safi. Choma magunia mengi, juu, katikati na chini, kusanya kilo 5 au zaidi, saga zote, changanya, ndipo uchukue kidogo cha kupima. Ukisaga konzi, majibu ni bahati nasibu. Shehena ile ile itakataliwa mpakani Namanga asubuhi na kukubaliwa jioni.

Ghalani, magunia yakae juu ya chaga, mita moja kutoka ukutani, na njia ya kupita kati ya rundo na rundo. Adui mkuu ni dumuzi, yule mdudu mdogo mweusi ambaye wengine humwita skania kwa jinsi anavyosaga. Aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka Amerika ya Kati na tangu hapo ameenea karibu kanda yote. Ufukizaji wa vidonge vya fosfini unammaliza, ila kwa masharti. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Vidonge viwili hadi vitatu kwa tani hutosha rundo lililofunikwa vizuri, na lebo ndiyo yenye neno la mwisho. Turubai lisiwe na tundu, kingo zake zikandamizwe kwa mifuko mirefu ya mchanga iliyopandana, na lifungwe siku saba kamili. Wengi hulifunua siku ya tatu kwa sababu lori linasubiri. Wadudu wakubwa wamekufa na kila mtu anaridhika, kumbe mayai na mabuu yaliyo ndani ya punje yako hai, na kizazi kinachototolewa ndicho kinachoanza kuzoea gesi. Gesi hiyo inaua watu pia. Afanye mwenye leseni, na mlinzi asilale humo.

Kila mwaka uza theluthi ya akiba, ile ya zamani, na uijaze upya. Mahindi ya miaka minne hata mbuzi atayatazama mara mbili.

Kuhusu ngazi ya kaya, tutasema moja tu. Mfuko usiopitisha hewa, wenye tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje, huokoa nafaka bila dawa yoyote kwa sababu wadudu humaliza oksijeni na kufa. Ushindilie, toa hewa, kunja na funga kila tabaka peke yake, na usiufungue kwa miezi miwili ya mwanzo. Nafaka mbichi ndani yake itaoza. Serikali inayofuta kodi ya mifuko hiyo imejenga maghala milioni moja bila saruji.

Kufunga mpaka

Tunajua shinikizo lilivyo. Bei imepanda, redio zinapiga kelele, na malori yanaonekana yakielekea Tunduma au Sirari. Marufuku ni ya bei rahisi, inasainiwa leo na jioni iko kwenye taarifa ya habari. Tanzania iliitumia 2011, ikaitumia tena 2017.

Lakini fuata gunia moja la Sumbawanga, mkoani Rukwa. Mpaka wa Zambia uko karibu. Arusha ni safari ya zaidi ya kilomita elfu. Ukifunga Tunduma, gunia haliendi Arusha kulisha ndugu, maana nauli inakula faida yote. Linakaa. Bei ya shambani Rukwa inaanguka, mkulima anauza kwa hasara kulipia mbolea aliyokopa, na msimu unaofuata analima ekari mbili badala ya nne. Lingine linapita njia za panya, ambako halilipi ushuru wala halihesabiwi, na mizania yako ya chakula inakuwa hadithi. Jirani naye, aliyekutegemea, anajifunza kununua kwingine. Mwaka wa ziada ukifika, utajikuta na mahindi yasiyo na mnunuzi.

Badala yake, acha mpaka wazi na uandikishe kila lori: tani, zinakotoka, zinakoenda. Hiyo peke yake inakupa taarifa ambazo marufuku ingezificha. Kama hesabu inaonyesha pengo la kweli, serikali inunue sokoni kama mnunuzi mwingine yeyote na kuweka ghalani. Ni ghali, ndiyo, ila gharama inaonekana na inalipwa na taifa zima, badala ya kufichwa kwenye mfuko wa mkulima wa Rukwa.

Ushuru na meli

Afisa wa biashara anapaswa kujua tarakimu moja kila wiki: mahindi ya nje yakifika soko kuu yatauzwa kiasi gani. Mfano wa kukokotoa, kwa tani: bei bandari ya kupakilia dola 220, nauli ya meli 60, bima na upungufu wa njiani 5. Hapo yamefika bandarini kwako kwa 285. Ongeza gharama za bandari 25, magunia 10, lori hadi bara 80, faida na riba 20. Jumla 420.

Sasa weka ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa mahindi ya nje ya Jumuiya, asilimia 50 ya 285, yaani 142.50. Jumla inaruka hadi 562.50. Maana yake mfanyabiashara hataleta meli hadi bei ya ndani ipite hapo. Mwaka wa mavuno mazuri ukuta huo humlinda mkulima. Mwaka wa njaa unamzuia mlaji kuona nafuu.

Hivyo punguza ushuru mapema, bei ya ndani inapofika kama 400 katika mfano huu, kwa muda unaotajwa siku ya kwanza. Andika tarehe ya mwisho, na iwe wiki sita kabla ya mavuno. Makosa mawili hurudiwa. La kwanza ni kutoa msamaha kwa vibali vya wachache waliochaguliwa. Hao huleta pole pole wakingoja bei ipande, na kibali chenyewe kinageuka bidhaa. Fungua kwa yeyote mwenye leseni na mzigo uliopita vipimo. La pili ni kuchelewa. Meli inayofika wakati mahindi mabichi yanachomwa barabarani inamwangusha mkulima wako mwenyewe. Na kumbuka sehemu kubwa ya mahindi ya soko la dunia ni ya njano. Meupe hutoka kwa wachache. Mwaka 2017 Kenya iliyafuata hadi Mexico. Mazungumzo na Zambia, Uganda au Afrika Kusini yaanze kabla ya shida. Tena lori moja hubeba kama tani 30, kwa hiyo meli ya tani 30,000 ni safari elfu moja za lori. Kama bandari inapakia malori 40 kwa siku, meli moja inakula siku 25. Jibane na hesabu hiyo kabla ya kuagiza tatu zifike wiki moja.

Kumfikia asiye na kitu

Ruzuku ya unga dukani ndiyo hatua inayopendwa na inayovuja kuliko zote. Kenya mwaka 2017 ilishusha pakiti ya kilo 2 hadi shilingi 90, na 2022 hadi 100 kwa wiki nne, uchaguzi ukiwa karibu. Pakiti ziliadimika, foleni zikaota, na aliyefaidi zaidi ni mwenye gari na fedha za kutosha kununua nyingi. Mama wa kijijini hununua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka kinuni. Pakiti hiyo haimhusu. Tena ruzuku ikishaingia kutoka kwake ni vita. Mkate wa baladi wa Misri, ule wa ruzuku, ulibaki piasta 5 tangu 1988 hadi Juni 2024.

Fedha mkononi hufanya kazi vizuri zaidi palipo na soko hai. Jaribio ni rahisi: waulize wafanyabiashara kumi wa soko hilo, "Wateja wakiongezeka maradufu, mtaweza kuleta mzigo maradufu ndani ya siku saba?" Wakisema ndiyo na barabara inapitika, toa fedha. Wakisita, fedha itapandisha bei tu, basi peleka chakula: kwa mtu kwa siku, nafaka gramu 400, kunde au maharage 60, mafuta 25, unga wa lishe ulioongezwa virutubisho 50, sukari 15, chumvi 5. Hapo unakaribia kilokalori 2,100.

Kiasi cha fedha kifuate bei ya kapu hilo na kibadilishwe kila mwezi. Programu zilizopanga kiwango mwaka wa kwanza na kukiacha palepale zimeishia kutoa nusu ya chakula kilichokusudiwa. Na daftari la walengwa liandaliwe wakati wa shibe. Kenya, katika kaunti za kaskazini kama Turkana na Marsabit, iliandikisha kaya nyingi na kuzifungulia akaunti mapema, hivyo setilaiti ikionyesha malisho yamekauka, malipo yanapanuliwa bila kuanza orodha upya. Orodha inayotungwa katikati ya njaa hutungwa na mwenye sauti kubwa.

Nafaka ya ghalani inayouzwa ili kutuliza bei itolewe kwa mafungu madogo, tani 5 hadi 10, kwa wasagaji wadogo wengi, kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya nafaka ya nje. Ukimpa msagaji mmoja mkubwa tani 20,000, umehamisha akiba ya taifa kwenda akiba ya mtu.

Msimu unaofuata

Mbolea ya masika lazima iwe imeagizwa miezi minne au mitano kabla ya mvua. Mbolea inayofika mahindi yakiwa magotini ni ya mwakani. Pendekezo la kawaida ni mfuko wa kilo 50 wa kupandia na mwingine wa kukuzia kwa ekari. Bei ikimshinda mkulima, asiitawanye kidogo kidogo shamba zima. Aweke kizibo kimoja cha soda, kama gramu 5, kwa kila shimo, afukie udongo wa vidole viwili kisha ndipo aweke mbegu, maana mbolea ikigusa mbegu inaiunguza. Urea ya kukuzia nayo ifukiwe. Ikiachwa juu ya udongo wenye jua, nitrojeni yake inaruka hewani na fedha inaondoka na upepo.

Mikoa mikavu ipewe mbegu ya mtama na uwele, na vipando vya muhogo, sentimita 25 hadi 30 kila kimoja, vipande 4,000 kwa ekari kwa nafasi ya mita moja. Lakini muhogo mchungu una hatari yake. Wakati wa ukame sumu yake ya sianidi huongezeka, na wakati huo huo watu wenye njaa hufupisha kuloweka. Ndipo konzo inapotokea, ugonjwa unaopooza miguu ya watoto na akina mama, na haiponi. Umeonekana Msumbiji, Kongo na Tanzania, na mara nyingi nyuma yake kuna njaa au vita. Muhogo mchungu umenywe na ulowekwe siku tatu kamili kabla ya kuanikwa. Kama umeshasagwa bila kulowekwa, unga uchanganywe na maji hadi ulowe wote, utandazwe kwa unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au tano kivulini, sumu itoke kama gesi, kisha usongwe ugali siku hiyo hiyo. Maelekezo hayo yaandikwe kwenye kila mzigo wa vipando unaogawiwa, na mabwana shamba wayaonyeshe kwa vitendo.

Mavuno yakianza kuingia, ushuru uwe umesharudi tarehe ile iliyoandikwa, mauzo ya ghalani yasimame, na vituo vya kununua vifunguliwe na mizani iliyohakikiwa. Fedha ya kununulia iwe tayari benki siku hiyo. Kama haipo, usifungue kituo.